Mgomba wa Vioo

Pale Mudaka, mjane anaruhusiwa kupanda chochote isipokuwa mgomba. Apande maharage, apande mahindi, ajaze shamba viazi vitamu mpaka vivuke njia, hakuna atakayemuuliza. Vitu hivyo huiva, vikang'olewa, shamba likabaki tupu, na mwenye ardhi akapita akauangalia utupu ule akaridhika. Mgomba hauna adabu hiyo. Mgomba ukishashika unazaa, unakatwa, na mtoto wake ameshasimama pembeni anakutazama. Anayepanda mgomba anasema: mimi hapa siondoki. Ndiyo maana mjane hatakiwi kulisema neno hilo. Wazee watakupa sababu nyingine tele, tena kwa sauti ya upole, lakini mimi sijaona hata moja yenye maana.

Mama Eulalie alikuwa mjane wa Jean-Marie, mfyatua matofali, mtu mwema aliyekufa ghafla na kumwachia sufuria kadhaa na shamba lisilokuwa lake. Shamba lilikuwa la ukoo, na mkubwa wa ukoo alikuwa shemeji yake, Mushagalusa. Kila mavuno yalipoisha Eulalie alimpelekea shemeji kikapu cha maharage. Mushagalusa alitumbukiza mkono mpaka chini kabisa ya kikapu, kuhakikisha hakuna majani yaliyojazwa humo, kisha akajifuta vumbi na kusema: "Endelea tu, shemeji."

Eulalie aliishi juu ya neno hilo. Siku ambayo lisingesemwa, angelazimika kurudi kwao Mumosho na sufuria zake kichwani, kwenye nyumba ya kaka yake ambako chumba chake cha zamani kilikuwa kimeshageuzwa banda la sungura.

Mwaka mmoja alithubutu. Alipanda mtoto wa mgomba nyuma ya jiko, katikati ya mahindi, mahali pa kujificha. Mushagalusa aliugundua ungali mfupi. Hakugomba wala hakupiga kelele. Aliung'oa, akauosha mizizi, akauacha mlangoni kwa Eulalie ndani ya beseni, kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani aliyepotea. Eulalie alilia siku ile, na alilia kwa hasira. Kisha akaubeba mgomba wake mpaka bustani ya parokia, ambako ardhi ni ya Mungu na Mungu hang'oi, akaupanda huko.

Mushagalusa alikuwa na sababu ya kuuwahi. Desturi ile ina upande wa pili. Mwenye ardhi akiuacha mgomba wa mtu mwingine mpaka ukazaa, naye akaonja matunda yake, ndizi au pombe, hata kidogo, basi amekubali. Ardhi inakuwa ya aliyepanda, na hakuna wa kumwondoa. Kwa ajili ya sheria hiyo Mushagalusa aliziogopa ndizi kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Harusini, matangani, kwenye ubatizo, akiletewa kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo kila mtu huinywa bila maswali, yeye aliuliza kwanza: "Hii inatoka mu shamba ya nani?" Wageni walidhani ni mjuzi wa pombe.

Sasa akaja Elodie. Alikuwa ingénieur kijana kutoka Bukavu, mwenye kofia ngumu nyeupe ambayo hakuivua hata akinywa chai. Shirika lake dogo lilitaka kujaribu jambo: kusimamisha paneli za jua juu ya miguu mirefu ya chuma, mirefu kiasi cha mwanamke kupita chini na mzigo kichwani, na kulima maharage palepale chini yake.

"Maharagi itapata kivuli, udongo haitakauka mbio," Elodie alimweleza. "Na kule juu tunavuna jua. Shamba moja, mavuno mbili, maman."

Eulalie aliinua macho akalitazama jua, ambalo miaka yote lilikuwa likianguka shambani kwake bure.

"Ile miguu ya chuma, banaipanda namna gani?" aliuliza.

Mushagalusa alikuja kuangalia, kwa kuwa bila yeye lisingefanyika lolote. Alisikiliza maelezo yote, akacheka mpaka akajishika kiuno. Alichokiona yeye ni paa la mabati tu. Jioni ile alitangaza kwa wenzake: "Shemeji yangu anajengea maharagi nyumba ya manjanja! Kesho atayishonea na mapazia!" Akaruhusu. Nani aliwahi kupoteza ardhi kwa sababu ya paa la maharage?

Kanuni ya shirika ilikuwa kwamba mkulima achangie nguvu zake, kwa hiyo mashimo yote aliyachimba Eulalie mwenyewe, kwa jembe lake. Mikono yake ilikuwa imezoea mashimo, tena mikono ikizoea jambo haisubiri ruhusa ya kichwa. Kila shimo lilipofika kina, alitia chini yake koleo la mbolea ya mbuzi, ndipo akasimamisha mguu wa chuma, akarudishia udongo na mawe, akaukanyaga kwa kisigino huku akizunguka. Elodie aliiona mbolea. Akamkabidhi mguu uliofuata.

Kiangazi kilipofika, watu wa Mudaka walikuja kutazama. Katika mashamba mengine maharage yalikuwa yamejikunja kama masikio ya mbwa aliyefokewa. Chini ya paneli yalikuwa ya kijani na yameshiba, na Eulalie alipalilia kivulini akiimba. Kando ya barabara Eulalie na Elodie walijenga kibanda chenye soketi, watu wakaleta simu zao zijae. Wa kwanza mlangoni kila asubuhi alikuwa Mushagalusa. Alileta simu, redio, na mashine ya kunyolea ndevu aliyoletewa na mwanawe kutoka Uvira. Alikaa kwenye benchi akaikodolea simu macho kama mtu anayechunga sufuria isifurike. Hakutoa chochote, kwani mkubwa wa ukoo atatoaje kitu juu ya ardhi ya ukoo?

Kilichomharibia moyo ni neno dogo tu. Watu walianza kusema "kwa Eulalie". Tukutane kwa Eulalie. Basi linasimama kwa Eulalie. Teremka kwa Eulalie, halafu uulize. Shamba lile lilikuwa limeitwa kwa jina la babu yake Mushagalusa tangu kuzaliwa kwake, na sasa hata kondakta asiyemjua mtu yeyote alipiga kelele dirishani: "Kwa Eulalie, banashuka!" Hilo lilimchoma, na kusema kweli lilistahili kumchoma.

Mavuno yalipoisha, alikuja kuuangalia utupu wa shamba kama kawaida. Shamba halikuwa tupu. Aliuzunguka mguu mmoja wa chuma, akaugonga kwa fimbo, akatazama juu, akatazama chini, akaita.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Ni panneau, shemeji. Si wewe unacharger hapa kila siku?"

"Hapana. Maharagi umeng'oa. Hii haikung'oka. Iko na muti, iko na majani mikubwa, inatia kivuli, inapita saison. Hii ni mugomba."

"Mugomba ya vioo?"

"Mi siangaliake nguo yake. Naangalia tabia yake."

Akampa habari kamili palepale. Mjane amepanda mgomba bila ruhusa, na mjane wa namna hiyo anaondoka. Mgomba unabaki kwa ukoo, pamoja na kibanda chake na soketi zake.

Elodie alipoambiwa alicheka mpaka kofia ikamtoka kichwani kwa mara ya kwanza. Eulalie hakucheka. Alikuwa akiwaza sungura wa kaka yake, na kama wangepata pa kuhamia.

Kesi ilifika kwa chefu wa kijiji, papa Théodore, mtu aliyependa haki kiasi kwamba hakupenda iishe upesi. Uani kwake uliletwa mgomba halisi, ukasimamishwa kando ya paneli moja, na watu wazima wenye akili timamu wakaanza kuvifananisha. Mmoja alisema mgomba una maji ndani. Mwingine akajibu kwamba hata paneli, mvua ikinyesha, inatiririsha maji. Mama mmoja alishuhudia kwamba mbuzi wake alijaribu kuila paneli akashindwa. Wakaandika kwamba ameshindwa, lakini pia kwamba alijaribu.

Elodie aliomba kusema. "Papa chef, hii haiko mumea. Ni silicium. Jua ikiipiga, inatoa courant."

"Inazalaka mara ngapi ku mwaka?" aliuliza chefu.

"Kila siku, papa."

Watu wote wakaguna. Kila siku! Hata mgomba wa parokia haukuwahi kufanya hivyo. Elodie alitambua kwamba ameharibu, akakaa chini.

Chefu akaamua hivi: kitu cha msimu huvunwa, na kisichovunwa si cha msimu. Basi mama Eulalie azivune paneli zake kama maharage, kwa utaratibu wote, ampe mwenye ardhi sehemu yake, na shamba lionekane tupu. Akiweza, ni maharage. Asipoweza, ni migomba.

Wakazivuna. Wanawake wa Mudaka walikuja na kamba zao za kubebea mizigo, kwa sababu anayealikwa mavunoni hakatai. Elodie alifungua skrubu, wanawake wakapokea, wakazibeba mgongoni kwa mstari, wakiimba zile nyimbo za maharage kwa kuwa nyimbo za paneli hazijatungwa. Uani kwa Eulalie wakazitandaza juu ya mikeka, kando ya maharage, zikauke. Jua likazikuta hukohuko zilikolala, nazo zikafanya kazi yake. Elodie aliunganisha waya, na betri zikajaa. Kuku wakalala kando yake. Eulalie alikaa katikati na kijiti akiwafukuza ndege wasije wakala mavuno, na hakuna aliyejua kama anatania, hata yeye mwenyewe.

Kisha akampelekea shemeji kikapu. Mushagalusa akatumbukiza mkono mpaka chini kabisa, kama ilivyo kawaida yake, akakuta betri.

"Hii njo sehemu yangu ya courant?"

"Njo yenyewe, shemeji."

"Imeiva?"

"Imejaa."

Aliipindua, akainusa, akaipeleka chumbani. Alisikiliza mpira redioni kwa umeme ule mpaka ukaisha, kisha akairudisha betri tupu, kwa heshima, kama mtu anayerudisha kikapu cha watu.

Lakini chefu alipokuja kukagua, miguu ya chuma ilikuwa bado imesimama shambani.

"Bisiki!" alipiga kelele Mushagalusa. "Mumekata tu, bisiki bimebaki!"

Na siku Elodie aliporudisha paneli juu ya miguu yake, Mushagalusa alimkimbilia chefu akihema. "Papa chef, kuya uone na macho yako! Imechipuka!"

Wakaitwa tena wote, safari hii palepale shambani, mchana. Mushagalusa alikuja amenyoa ndevu, amevaa koti. Aliomba jembe, akachimba kando ya mguu mmoja, akaendelea kuchimba huku watu wakishangaa, kisha akainuka na konzi ya kitu cheusi kilichokauka. Akakipitisha chini ya pua za wazee, mmoja mmoja.

"Mbolea ya mbuzi," alisema mzee wa kwanza.

"Ya mbuzi kabisa," alisema wa pili.

"Sasa munielezee," Mushagalusa aliuliza taratibu, kwa furaha. "Ni nani anatiliaka chuma mbolea?"

Elodie alitazama viatu vyake. Eulalie alitazama mikono yake, mikono ile ya kijinga iliyomponza.

Papa Théodore akasimama. "Iko na muti. Iko na majani. Inazaa. Ukikata, inachipuka. Na mwenye kupanda alijua anapanda nini, kwa sababu alitia mbolea. Kuanzia leo, mu hii kijiji, ile bitu ni migomba."

Mushagalusa alicheza. Mtu mzima, na koti, alicheza mbele ya watu. Kisha akatoa simu mfukoni na kumpigia binamu yake wa Sange, akaongea kwa sauti ambayo ingefika Sange hata bila simu: "Nimeshinda! Ni migomba! Ndiyo, migomba! Mi nilisema tangu zamani!"

Eulalie alikaa chini kwenye udongo, kivulini mwa paneli. Aliona Mumosho, aliona banda la sungura, aliona mke wa kaka yake akisogeza majani ya chakula chao kwa mguu ili apate pa kuweka mkeka. Aliumia hasa kwa ajili ya udongo. Alikuwa ameukanyaga miaka yote hiyo kama mgeni, kwa ncha za vidole, na siku moja tu ndiyo alizungusha kisigino chake ndani yake kama mtu wa kwao.

Na juu ya kichwa chake shemeji aliendelea kupiga kelele kwenye simu. Aliongea na Sange. Alipomaliza na Sange, akampigia mwanawe wa Uvira. Eulalie akainua kichwa. Akamtazama shemeji, akaitazama simu, akasimama akipangusa udongo kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Papa chef. Ni migomba kweli?"

"Ni migomba. Nimekwisha kusema."

"Kesho haitageuka maharagi?"

"Haigeukake!" alidakia Mushagalusa, simu ingali sikioni. "Mugomba ni mugomba!"

"Na ni nani aliipanda?"

"Ni wewe! Wewe na mikono yako! Na mbolea ulitia!"

"Batu wote banasikia?"

"Banasikia!" akajibu Mushagalusa kwa niaba ya watu wote.

"Basi, papa chef," Eulalie alisema, "naomba umuulize shemeji ile téléphone yake inakulaka wapi."

Wazee waligeuka kwanza, wakakitazama kibanda. Wakafuata wanawake. Mwisho kabisa akageuka Mushagalusa, ambaye alibaki na simu sikioni huku sauti ya mwanawe wa Uvira ikisikika ndani yake: "Allô? Papa? Migomba gani? Allô?" Aliizima polepole, akaitia mfukoni, akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Mi sikukula kitu," alisema. "Ni téléphone njo ilikula."

"Na redio?" aliuliza chefu.

"Hata redio, ni redio njo ilikula."

"Na ile kikapu? Batri ulipokea, ukarudisha iko tupu."

"Nilisikiliza tu mupira."

Papa Théodore alimsogelea. Alimtazama kidevuni, kwenye kile kidevu kinachong'aa kilichonyolewa asubuhi ileile kibandani. Mushagalusa aliinua mkono akakishika, na mkono ulipofika hapo haukujua tena pa kwenda.

"Musha," alisema chefu kwa masikitiko, "mu matanga ya baba yangu ulikataa pombe yangu mbele ya batu, eti ujue kwanza inatoka kwa nani. Na hapa unakuya kila asubuhi, unakula mugomba ya mutu mpaka ku ndevu?"

Watu walicheka hadi mmoja akajiegemeza kwenye mguu wa paneli. Mushagalusa alizungukazunguka katikati yao, akaitazama ile konzi ya mbolea aliyokuwa ameiweka juu ya jiwe kwa uangalifu, kama shahidi wake.

"Basi haiko migomba!" alisema. "Ni maharagi, papa chef! Angalieni muzuri, ni maharagi!"

"Mimi nilikata kesi vile ulitaka," alijibu papa Théodore. "Aliyepanda ni yeye. Aliyeonja ni wewe. Shamba ni ya Eulalie."

Siku nyingi Mushagalusa hakuonekana barabarani. Alipoonekana alikuwa na ndevu, na simu iliyokufa mkononi. Alisimama nje ya kibanda, mbali kidogo na mlango, akisoma tangazo la sabuni lililobandikwa ukutani kama vile ni Injili. Eulalie alimwacha alisome mara mbili. Angeweza kumwacha mpaka jioni, na wapo waliomshauri hivyo.

"Ingia, shemeji," alimwambia mwishowe. Na alipomwona anasitasita na waya wake mkononi, akaongeza: "Endelea tu."

Mvua za kwanza ziliponyesha, Eulalie alikwenda parokiani. Ule mgomba wake wa beseni ulikuwa umeshazaa na kukatwa zamani. Palisimama watoto na wajukuu wake. Akachagua mmoja wenye majani membamba, akaubeba begani mpaka Mudaka, akichagua njia ya katikati ya soko ili aonekane. Hakwenda nyuma ya jiko. Alichimba shimo katikati ya shamba, mbele ya mstari wa kwanza wa paneli, upande unaopata jua la asubuhi.

Elodie alikuja mbio, kofia mkononi.

"Maman, hapana, si hapa! Ikikomaa itafunika panneau mbili. Tutapoteza courant. Utie kule pembeni, ni shamba ileile tu."

Eulalie alitia mbolea, akasimamisha mgomba, akarudishia udongo. Akaanza kuukanyaga kwa kisigino, akizunguka pole pole, bila kujificha.

"Mutoto yangu," alisema, "ile panneau iko na skrubu?"

"Iko na skrubu, maman."

"Basi ile njo itahama."

Elodie alimtazama, akautazama mgomba. Kisha akaenda kuchukua spana yake kwenye gari.